Kufunga kompyuta ya injini na waidibendi kwa Subaru ya taabo hapa Nairobi, mwanzo mpaka mwisho

Hii nimeandikia mtu ako na Impreza ama Forester yenye injini ya EJ20 ya taabo, ameshabadilisha nozeli ama taabo ama egzosi, na sasa kompyuta ya kiwanda imeshindwa kufuata. Kama gari yako iko stoki na inatembea poa, hizi pesa weka kwa tairi na breki, hapa hakuna kitu yako.

Mafundi wengi huanza na kompyuta, waidibendi (sensa ya oksijeni ya egzosi inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta) inakuja baadaye kama geji ya kuweka kwa dashibodi. Mimi nasema geuza hiyo. Funga waidibendi kwanza ukiwa bado na kompyuta ya zamani, tembea nayo wiki moja hivi, uhakikishe inasema ukweli, ndio ushike kompyuta. Kwa sababu ukishafunga kompyuta mpya kila uamuzi wa mafuta utatoka kwa hiyo namba, na kama namba ni ya uongo utachoma pistoni ukiangalia skrini inayokuambia kila kitu kiko sawa. EJ20 hazina huruma kwa hiyo mambo, zile kingo ndogo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika haraka injini ikianza kugonga, yaani mafuta ikilipuka vibaya yenyewe ndani ya silinda.

Sensa ya oksijeni ya kiwanda kwa hizi gari nyingi za zamani inajua kitu mbili tu, mafuta imezidi ama imepungua, ukiwa karibu na 14.7 kwa 1, yaani uzito wa hewa kwa uzito wa mafuta, ndio inaitwa AFR. Ukikanyaga mpaka chini unataka kujua kama uko 11.2 ama 12.8 na hiyo sensa haiwezi kukuambia. Waidibendi inapima kiasi chenyewe. Ile inatumika sana sasa ni Bosch LSU 4.9, ina pini sita, na ndani iko na hita inayoipasha mpaka karibu nyuzi 780. Hiyo hita ndio chanzo cha vifo vingi vya sensa, nitaeleza.

Kununua

Sensa za LSU 4.9 feki ziko kibao. Nunua pamoja na kontrola (kisanduku kinachoendesha na kusoma sensa) kutoka kwa mtu anauza kit nzima iliyofungwa, kama AEM X-Series ama Innovate LC-2, na usichukue sensa ya mitumba iliyotolewa kwa gari ya ajali hata kama muuzaji anaapa. Waya, solda, mita, hitishrinki na konekta utapata Luthuli. Plagi za kike na kiume za hanesi (fungu la waya) ya Subaru zunguka Kirinyaga Road, na ukiwa hapo tafuta kompyuta moja mbovu ya aina ya yako, unataka ile konekta yake ya ndani tu. Ukiwa nayo unatengeneza hanesi ya katikati, upande mmoja inaingia kwa waya za gari na upande mwingine kwa kompyuta mpya, na waya ya kiwanda haikatwi hata moja. Siku ukitaka kuuza gari ama kitu ikigoma unarudisha ile ya zamani dakika kumi. Nawaomba sana, msikate hanesi.

Kwa kompyuta yenyewe chaguo ni nyingi. MegaSquirt na Speeduino ni za mtu anapenda kushika solda na kusoma. Link ya New Zealand inatengeneza za kuingia moja kwa moja kwa plagi ya Impreza, hakuna kukata. Haltech ya Australia na Ecumaster EMU Black ya Poland mara nyingi ni za kuvuta waya mwenyewe, na hiyo EMU Black inasoma LSU 4.9 bila kontrola ya pembeni, kitu kimoja kidogo cha kuharibika. Ushauri wangu ni chukua ile ambayo kuna mtu hapa Nairobi anaweza kukutyunia bila kubahatisha, muulize kabla hujalipa, maana kompyuta ya bei kali bila mtu wa kuityuni itakaa kwa boksi.

Kabla hujafungua kitu

Pima kompreshini silinda zote nne. Pima presha ya mafuta, karibu bar 3 hose ya vakyumu ikiwa imetolewa kwa regyuleta. Tafuta mahali hewa inavuja kwa hose za taabo, zile klipu za zamani zinalegea. Badilisha plagi za moto, chukua zile zenye rezista ndani kwa sababu bila hiyo kelele ya umeme itasumbua kompyuta mpya. Betri iwe na nguvu. Injini mgonjwa ukiifungia kompyuta mpya unabaki na magonjwa mawili na hujui ipi ni ipi.

Kuweka sensa

Mahali pake ni kwa daunpaipu, baada ya taabo, kabla ya katalitiki kama bado unayo (hizi gari nyingi hapa zilishatolewa katalitiki na kuuzwa zamani sana). Usiweke kabla ya taabo, pale kuna joto na presha na sensa inadanganya na kufa. Kutoka mdomo wa taabo shuka kama sentimita 60 au zaidi ukipata nafasi.

Toa daunpaipu chini kabisa, usichomelee ikiwa kwa gari. Toboa, fundi achomelee ile nati ya M18 kwa 1.5 inayokuja na kit, na achome pande zote bila tundu, kwa sababu katundu kadogo kanavuta hewa ya nje na sensa itasoma mafuta imepungua wakati haijapungua. Sensa isiwe ndani wakati wa kuchomelea, weka bolti ya kuziba ili uzi usipinde. Kama kuna kuchomelea kokote kwenye gari lenyewe toa kwanza waya ya betri na uchomoe kompyuta.

Pembe ni muhimu. Fikiria paipu ni saa ya ukutani ukiitazama kwa mdomo, sensa ikae kati ya saa nne usiku na saa nane, yaani pale namba 10 mpaka 2 zimeandikwa, isilale kabisa, iinuke angalau digri 10 juu ya usawa. Asubuhi baridi ya Julai kwa egzosi kunakuwa na maji, na tone moja la maji likigonga kauri yenye nyuzi 780 inapasuka. Ndio maana pia haufai kuwasha hita halafu ukae dakika tano kwa swichi ukitafuta wimbo kabla ya kupiga stata.

Kaza kati ya Nm 40 na 60. Grisi ya uzi inatosha ile iko nayo kutoka kiwandani, na kwa ncha usiguse na chochote. Waya ya sensa usikate wala kufupisha, kwa ile plagi yake kuna rezista ya kalibresheni iliyopimwa na sensa hiyo hiyo, ukikata plagi umetupa kalibresheni. Kama waya ni mrefu kunja vizuri ufunge mbali na paipu ya moto na mbali na waya za koili.

Halafu jambo ambalo watu hawapendi kusikia: ukishafunga sensa, usiendeshe gari kama kontrola haina umeme. Sensa baridi ndani ya moshi inajaa masizi inakufa. Ama iko na umeme, ama itoe uzibe.

Umeme wa kontrola na hapo kwa athi

Toa umeme kupitia relei inayoshikwa na swichi ya gari, fyuzi ya amp 5 mpaka 10 kulingana na kitabu cha kontrola yako, usichukue umeme kwa waya ya redio. Hita inavuta amp kadhaa hasa ikianza kupata moto.

Athi, yaani waya ya hasi inayorudi kwa chuma ya gari (earth), ndio kazi yote. Athi ya kontrola iko na kazi mbili, hata kama waya inayotoka ni moja: ya hita, inayobeba amp nyingi, na ya signali, inayotakiwa kuwa tulivu. Ya hita peleka kwa bloku ya injini. Ya signali, kama kontrola imeitoa peke yake, peleka kwa athi ya sensa ya kompyuta. Kama ni waya moja tu basi ifungwe pale pale athi za kompyuta zimefungwa, bolti hiyo hiyo moja. Ukifunga kwa skrubu ya dashibodi utapata geji inasema 14.7 na kompyuta inasoma 14.2 na hapo ndio vita inaanza.

Tuseme unatumia AEM X-Series. Waya yake ya signali inatoa volti 0.5 ukiwa 8.5 na volti 4.5 ukiwa 18, hesabu ni volti mara 2.375 jumlisha 7.3125. Kwa hivyo geji ikisema 14.7 mita yako inafaa kusoma karibu volti 3.11. Tofauti ya nusu AFR kati ya geji na kompyuta ni kama volti 0.2, na hiyo ni athi mbaya karibu kila wakati, usirekebishe kwa programu ukaficha, enda utafute hiyo athi. LC-2 ina hesabu yake tofauti, ile waya yake ya pili inaanza 7.35 kwa volti 0 na kufika 22.39 kwa volti 5. Ukichagua jina baya kwa orodha ya programu kila kitu kitaonekana kinafanya kazi na hakuna kitu kiko sahihi. Kama kompyuta na kontrola zote zinaongea kwa CAN (waya za data) tumia hiyo, namba inafika vile ilivyo na shida ya athi ya signali inaisha.

LC-2 pia inataka kalibresheni ya hewa safi kabla hujaifunga kwa paipu. Hewa safi maana yake hewa safi, usifanye ndani ya gereji gari ingine ikinguruma na usifanye kando ya steji ya matatu. Tafuta uwanja. Asilimia ya oksijeni ni 20.9 hapa na Mombasa, kilichopungua ni presha.

Sasa tembea nayo na kompyuta ya zamani. Aido ikiwa na joto inafaa kucheza karibu na 14.7 kwa sababu kompyuta ya kiwanda yenyewe inafukuza hapo. Ukiachilia aksela kwa mteremko inaruka mpaka mwisho wa skeli, hiyo ni mafuta imekatwa, ni kawaida. Kama aido yako inakaa 16 na gari haina shida yoyote, shuku egzosi inavuja kabla ya sensa.

Waya za kompyuta

Weka kompyuta ndani ya kabini, chini ya dashibodi upande wa abiria ama pale ya kiwanda ilikuwa. Usiweke kwa boneti. Hapa tunapenda kuosha injini na ile mashine ya presha kila Jumamosi na hiyo maji inaingia popote.

Kaa na mchoro wa waya wa mwaka wa gari yako kabisa, Subaru walibadilisha pini mara nyingi. Pitia kila pini na mita kabla ya kuamini mchoro. Umeme mkuu upitie relei yake, na athi zote za kompyuta zikusanyike mahali pamoja kwa kichwa cha injini ama inteki, chuma imekwaruzwa rangi ikatoka. Athi ya sensa, ile inarudi kutoka TPS (sensa ya throto) na joto la maji na joto la hewa, hiyo irudi kwa kompyuta tu, isiguse bodi popote. Ukimaliza fanya jaribio hili: mita kwa volti, mguu mmoja kwa athi ya kompyuta, mwingine kwa neg ya betri, mtu apige stata. Kama inazidi volti 0.1 ongeza waya nene.

Waya za sensa za kranki na kamu ziwe za kuzungushiwa wavu, na huo wavu ufungwe athi upande mmoja tu, wa kompyuta. Zipitishe mbali na koili na altaneta. EJ20 za zamani ziko na meno sita kwa kranki yasiyo na nafasi sawa na saba kwa kamu, za baadaye zikaja na gurudumu la 36 lenye mapengo matatu ya meno mawili mawili. Angalia yako kwa macho kabla ya kuchagua kwa programu, usiulize mtu.

Nozeli zipime ohm. Kati ya 11 na 16 unaunganisha moja kwa moja. Zikisoma 2 mpaka 4 zinataka rezista ama draiva maalum, ukizifunga hivi hivi unachoma kompyuta. Koili nazo ujue kama zina igniter (swichi inayowasha na kuzima koili) ndani ama iko pembeni, na hapa uwe makini kupita kiasi: kuna seting ya programu inayosema signali ya moto inapanda ama inashuka, ukiiweka kinyume koili zinabaki zimewashwa muda wote na ndani ya dakika zinapikwa. Acha koili zikiwa zimechomolewa mpaka uhakikishe hiyo seting. Muda wa kuchaji anza na milisekunde 3.

Hose ya sensa ya MAP (inayopima presha ndani ya inteki) ichukue kwa inteki baada ya throto, ile tenki ya pamoja, sio kwa mkono wa silinda moja, na usigawane na vali ya blow-off, ile inaachilia presha ya taabo.

Kimo cha Nairobi kinakusaidia kupima

Washa swichi bila kupiga stata na uangalie MAP. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, presha ya hewa hapa ni kama kPa 82. Kama skrini inasema 82 ama 83 uko sawa. Kama inasema 100 kalibresheni ni ya sensa nyingine, usiendelee. Hii ni jaribio ya bure na nimeona magari yakityuniwa siku nzima juu ya MAP iliyodanganya kwa kPa 18. Ukiwa Limuru itashuka mpaka 77 ama 78 hivi, pia ni sawa.

Asubuhi kabla gari haijawaka, joto la maji na la hewa zinafaa kukaribiana sana na joto la nje. Sensa nyingi za maji za Kijapani ziko kati ya kilohm 2 na 3 kwa nyuzi 20. TPS ikalibreti ikiwa imefungwa na ikiwa wazi kabisa, kwa kukanyaga aksela ukiwa umeketi, usivute kebo kwa mkono, sababu hapo ndio utajua kama kapeti inazuia.

Kuwasha mara ya kwanza

Jaza seting za msingi: cc 1,994, silinda nne, mpangilio wa moto 1-3-2-4, ukubwa wa nozeli zako. Anza na mapu (majedwali ya mafuta na taiming) ya msingi ya injini kama yako, na usiamini mapu yenyewe. Marekebisho ya waidibendi zima kabisa kwa sasa.

Toa fyuzi ya pampu. Piga stata, angalia mzunguko kwa skrini, unataka uone namba iliyotulia kati ya 150 na 250, isiyoruka mpaka 900 na kurudi sifuri. Ikiruka ni kelele kwa waya za kranki ama waya zake mbili zimegeuzwa. Ikitulia, sasa chomeka koili, funga taiming (wakati plagi inapiga moto) ya programu isimame kwa digri 10, chukua taa ya taiming na uangalie alama kwa puli ya kranki. Skrini ikisema 10 na puli ikisema 10, vizuri. Ikisema 25 rekebisha ile ofseti mpaka zikubaliane. Bila hii hatua taiming yote kwa mapu yako ni ndoto, na hakuna waidibendi itakuokoa.

Rudisha fyuzi ya pampu, washa swichi, sikiliza pampu inanguruma sekunde mbili na kuzima, kagua kila jointi ya mafuta kwa tochi na mkono. Kizima moto kiwe karibu. Sasa washa. Ikishika angalia presha ya oili kwanza, halafu rudia taa ya taiming injini ikiwaka, halafu ndio uangalie AFR.

Na hapa usikimbilie. Waidibendi inahitaji kama nusu dakika kupata joto. Pia injini ikikosa moto kwa silinda moja, ile hewa isiyochomwa inatoka na oksijeni yake na sensa inasoma mafuta imepungua hata kama silinda imejaa mafuta inanuka. Mtu anaongeza mafuta, inakosa zaidi, inasoma imepungua zaidi, anaongeza tena, mwisho plagi zimelowa. Ukiona namba kubwa ya kupungua na injini inatetemeka na moshi unanuka petroli, punguza.

Kutyuni

Kwa aido lenga 14 mpaka 14.7, kutembea polepole na mzigo mdogo 14.7 mpaka 15. Busti, yaani taabo ikisukuma presha, kwa petroli yetu, mimi nalenga 11 mpaka 11.5 na sioni haya. Hizi injini zilityuniwa Japani kwa petroli ya hai-oktani iliyo karibu RON 100, yetu ya super iko chini ya hapo, kwa hivyo mapu ya Japani ya taiming usiilete hapa ilivyo. Halafu kuna uchanganyaji wa mafuta taa, shida ambayo ilifanya serikali mwaka 2018 iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuuzuia. Mafuta taa inashusha oktani na waidibendi haioni hiyo, itaendelea kukuonyesha 11.2 nzuri injini ikigonga. Kwa hivyo tyuni na petroli ya stesheni moja unayojua, weka taiming digri kadhaa chini ya ile injini inaweza kubeba, na usikilize injini kwa hedifoni za kusikiliza kugonga wakati wa busti. AFR peke yake haitoshi.

Eneo la bila busti unaweza kujaza barabarani ukiwa na mwenzako, mmoja anaendesha na mwingine ameshika laptopu, kamwe sio mtu mmoja afanye zote mbili. Southern Bypass asubuhi ya Jumapili inatosha kwa mzigo mdogo na wa kati. Programu kama TunerStudio inaweza kujaza jedwali yenyewe ikisoma waidibendi, ni kazi nzuri, ila iambie isiguse kitu maji yakiwa chini ya nyuzi 70, na isiguse wakati umeachilia aksela. Baada ya kila safari angalia jedwali kwa macho, ukiona mlima mkali, seli moja imeruka kuliko jirani zake, lainisha kwa mkono. Seivu na jina jipya kila mara, na tarehe.

Busti kamili fanya kwa daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari ikiwa imesimama. Kulipa saa mbili za daino ni rahisi kuliko bloku, na kwa barabara kiwango cha spidi ni kilomita 110 kwa saa, gia ya tatu tu umeshaikaribia. Anza na busti ya springi ya weistigeti (vali inayopunguza presha ya taabo) peke yake, taiming ya chini, mafuta mengi, na upande kidogo kidogo. Weka kata ya busti (kompyuta inakata injini presha ikizidi), na kama kompyuta yako inaweza, weka pia kinga ya AFR, kwamba ukiwa juu ya kPa 130 na namba ikapita 12.5 kwa nusu sekunde ikate. Pampu ya mafuta ikichoka siku moja kwa Mombasa Road hii ndio itakuokoa.

Jedwali likishakuwa karibu, ndani ya asilimia 3 ya lengo kila mahali, ndio uwashe marekebisho ya waidibendi, na uyape ruhusa ya asilimia 5 juu na chini, sio 20. Kompyuta ikihitaji 20 kuna kitu imeharibika na unataka kujua, hutaki ifichwe.

Ukishuka Pwani

Hii sijaona watu wakieleza na inaua injini za Nairobi. Weistigeti inafungua kwa presha juu ya hewa ya nje. Springi ya bar 0.7 hapa Nairobi inakupa kama 82 jumlisha 70, yaani kPa 152. Mombasa hewa yenyewe ni 101, springi hiyo hiyo inakupa 171. Ni seli ambazo gari yako haijawahi kuingia tangu ityuniwe, mafuta yake ni ya kubahatisha na taiming ni ya yule alitengeneza mapu ya msingi. Kwa gari isiyo na taabo ni hivyo hivyo, hapa hata ukikanyaga mpaka chini hufiki juu ya 82, kwa hivyo safu za 85 mpaka 100 kwa jedwali hazijaguswa na mtu.

Kabla ya safari jaza hizo safu kwa mkono. Endeleza mwelekeo wa mafuta wa safu za chini, ongeza asilimia 3 mpaka 5 juu yake, na taiming punguza digri 2 kwa kila kPa 20 unazopanda. Kata ya busti weka 160 ya kutoka nayo Nairobi. Kama kompyuta ina sensa ya pili ya presha ya nje hakikisha imewashwa, kama haina basi inasoma hewa ya nje wakati unawasha swichi tu, kwa hivyo Mtito ukisimama kula zima gari kabisa uwashe upya ndio ishike presha mpya, na Voi ufanye hivyo tena. Washa logi (rekodi ya sensa) njia yote. Ukifika, kabla hujakanyaga popote, fungua hiyo logi uangalie AFR kwa kila safu mpya uliyoingia, rekebisha, ndio upandishe kata ya busti kidogo kidogo.